Kepteni, jezi ya jimbo bado ina uzito

Perth, Desemba 2025

Kepteni wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, na mama watoto anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi alfajiri, ninyi huko Tanga mmelala fofofo, maana sisi tumewatangulia saa tano. Ulinibana kama kawaida yako: hizi mechi za majimbo ya Australia ninazozipigia kelele zina maana gani tena, wakati watu wana ligi yao ya nchi nzima na kila wikendi uwanja unajaa? Nilianza kukujibu kwa sauti, nikajikuta ninazunguka tu. Swali lako limenikaa siku nne sasa, ndiyo maana nakuandikia.

Mpira wenyewe, futiboli ya Australia, nilishakueleza, ila usije ukauchanganya na ragbi. Kila upande watu 18, uwanja una umbo la yai, na kila mwisho kuna nguzo nne, hakuna mwamba wala nyavu. Ukiupiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu ni pointi sita, ukipita pembeni ni pointi moja. Basi, hiyo inatosha kwa leo.

Mechi za majimbo zina umri kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1879 Victoria na Australia Kusini walikutana Melbourne, wakati huo kila mmoja koloni lake, na Victoria ikashinda mabao saba kwa bila. Kwa miaka mingi iliyofuata hali haikubadilika sana, kwa sababu ligi yenye fedha ilikuwa Victoria. Kijana akichomoza hapa Perth, Australia Magharibi, au Adelaide, Australia Kusini, klabu za Melbourne kule Victoria zinamfuata. Na kanuni ilikuwa kwamba unachezea jimbo ambalo klabu yako ipo. Hebu fikiria hapo. Polly Farmer, Mnoongar, yaani wa wenyeji wa asili wa hapa hapa Perth, mtu ambaye wazee wanasema alibadilisha namna mrukaji wa katikati anavyoucheza mpira, alikwenda klabu ya Geelong, Victoria, mwaka 1962, na baadaye akaonekana ndani ya jezi ya Victoria. Ni sawasawa na sisi tufike Kibaha kwenye mashindano ya shule, UMISSETA, tuwakute Dar es Salaam wamempanga yule winga wetu wa Korogwe, kisa shangazi yake alimhamishia shule ya Temeke. Tungekubali?

Pale kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kuna mzee mmoja namhudumia zamu za mchana. Miguu haimsaidii tena, lakini kumbukumbu yake ni ya wembe. Kwenye droo ya kando ya kitanda ana skafu ya njano na nyeusi yenye picha ya bata maji mweusi, ndege wa jimbo hili, na skafu yenyewe inanuka naftalini. Siku moja nikiwa namkata kucha akaanza kunihadithia tarehe 8 Oktoba 1977, Uwanja wa Subiaco. Siku hiyo kwa mara ya kwanza kanuni iligeuzwa: kila mtu achezee jimbo lililomkuza, hata kama mshahara wake unatoka kwingine. Wiki 15 kabla, kwa kanuni ya zamani, Victoria ilikuwa imewafunga Australia Magharibi kwa tofauti ya pointi 63. Siku hiyo Magharibi wakashinda 151 kwa 57. Tofauti pointi 94! Mzee aliacha kidole chake mkononi mwangu akanyanyua macho juu ya dari, akasema timu zilipokuwa zinaingia hakutazama mpira kwanza, alikuwa anahesabu sura. Huyu karudi. Na huyu. Na yule naye karudi. Jirani yake wa kiti, mwanamume mzima, alikuwa analia kabla kipenga hakijalia.

Kepteni, mimi nilinyamaza nikaendelea na kucha. Nilikuwa nakumbuka lile gunia la jezi za mkoa.

Unalikumbuka? Mwalimu analimwaga sakafuni pale darasani tulipokuwa tunalala, jezi zimepauka, nyingine zina jina la mfadhili wa miaka kumi nyuma, na masharti ni kwamba mashindano yakiisha zirudi zote zikiwa zimefuliwa. Hata senti hatukulipwa. Tulikula ugali na maharage mpaka tukachukia harufu yake. Lakini ulipovaa ile yenye neno TANGA mgongoni ulibadilika sauti. Wewe, mtu mpole, uliwagombeza Kilimanjaro nzima kipindi cha kwanza. Nimecheza timu tatu za mtaa baada ya pale na moja hapa Perth, na hakuna jezi nyingine iliyonifanya nihisi kwamba nikikosea nitakuwa nimewakosea watu wasiokuwepo uwanjani.

Sasa nije kwenye hoja yako, kwa sababu ina nguvu na sitaki kuipita pembeni. Ni kweli ligi ndiyo iliyoziua mechi za majimbo. Mwaka 1987 West Coast Eagles ya hapa Perth na timu ya Brisbane ziliingia kwenye ligi ya Victoria, mwaka 1990 ligi ikabadili jina ikawa ya Australia, mwaka uliofuata Adelaide nao wakapata timu yao. Yale machungu ya kuonewa na Victoria yakapata pa kwenda kila wiki, badala ya kusubiri mara moja kwa mwaka. Na klabu zikaanza kuwabania wachezaji wao. Nani amtoe mtu wake wa mamilioni akavunjike goti kwenye mechi isiyompa pointi hata moja? Hesabu inaonyesha. Julai 1989 Victoria na Australia Kusini walicheza MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, mbele ya watu zaidi ya 91,000. Mwaka 1999, timu zile zile, uwanja ule ule, mvua inanyesha, walikuja elfu 26 hivi. Baada ya hapo ligi ikazifunga.

Katikati ya kushuka huko kuna jambo moja ambalo nimelitazama kwenye video mara nyingi. Juni 1995, kabla ya mechi ya Victoria na Australia Kusini, walimzungusha Ted Whitten uwanjani kwenye gari la wazi. Huyu alikuwa mchezaji mkubwa wa klabu ya Footscray, na kwa timu ya Victoria alikuwa ndiye roho yenyewe. Saratani ya tezi dume ilikuwa imemmaliza, macho hayaoni tena, kijana wake amekaa naye amemshika. Gari linakwenda polepole, uwanja mzima umesimama, na yeye anapunga mkono kuelekea kwenye kelele, kwa kuwa hawezi kuona watu. Alifariki miezi miwili baadaye. Mtu huyo alicheza mechi 321 za klabu yake, na klabu yake aliipenda. Lakini aliagwa kwenye mechi ya jimbo. Sidhani ilitokea kwa bahati.

Unaposema klabu imechukua nafasi ya jimbo, nakuuliza: klabu ni ya nani? Huku vijana hawasajiliwi kwa kupenda. Kila mwaka klabu zinapanga foleni, iliyoshika mkia ndiyo inachagua kwanza, na kijana wa miaka 18 anakwenda atakakopelekwa. Mtoto wa Bunbury, mji wa jimbo hili, anaweza kuamka kesho ni wa Melbourne, na mtoto wa Melbourne akaletwa hapa Perth, avae ya Eagles, na sisi tumpigie makofi kama ndugu. Namshangilia, sina neno. Ila kwenye timu inayobeba jina la Magharibi utawakuta Wavictoria wengi tu, na watoto wa Magharibi wametapakaa nchi nzima. Mfumo huo una haki yake, unazuia matajiri kujikusanyia wote. Lakini basi lazima kuwe na siku moja ambapo waliotawanywa wanarudi kwa waliowalea. Jimbo ndilo lililobaki na kazi hiyo.

Na wale wanaosema zilishajaribiwa zikashindikana, mimi nawaambia zilijaribiwa vibaya. Mwaka 2008, kuadhimisha miaka 150 ya mchezo huu, Victoria ilicheza na kikosi cha mchanganyiko kilichoitwa Dream Team. Mwaka 2020, kuchangia walioathirika na moto wa misitu, ilicheza na All Stars. Sababu ilikuwa njema, watu walikuja wengi mara zote mbili, na nafurahi fedha zilipatikana. Lakini timu ya nyota mchanganyiko haina mama. Ikifungwa, nani kijijini anakosa usingizi? Watu wa ligi ya ragbi walichukua wazo hili hili mwaka 1980, wakawakutanisha Queensland na New South Wales, na hadi leo wanacheza mechi tatu kila mwaka, kazini watu hawasemeshani wiki nzima. Wao waliacha majimbo yabaki majimbo.

Tasmania ndio wanaonipa uchungu zaidi. Kisiwa kinachozaa wachezaji wakubwa, na timu yao ya ligi itaingia mwaka 2028, baada ya kusubiri miaka yote hiyo. Juni 1990 waliifunga Victoria pale North Hobart kwa pointi 33, watu zaidi ya 18,000 kwenye kiwanja kidogo. Mtu wa Hobart ninayefanya naye zamu alikuwa mtoto wa miaka saba, alipanda mabegani kwa baba yake. Alichoniambia anakumbuka ni ramani ya kisiwa kifuani mwa jezi, na baba yake akiielekeza kidole.

Kuna jambo jingine, hili ni la kwetu zaidi. Yupo mchezaji anaitwa Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, mwaka 2021 alichaguliwa kikosi bora cha ligi nzima. Alizaliwa Kakuma, Kenya, kambini, wazazi wake wa Sudan Kusini. Akaletwa Brisbane, akahamia Perth, Sydney ikamchukua, sasa yuko Adelaide. Chimbuko la mtu kama huyo ni wapi? Kanuni ya hizi mechi inauliza mpira ulijifunzia wapi, haikuulizi ulizaliwa wapi wala mzee wako anatoka kabila gani. Kijana wangu anafanya mazoezi ya watoto kila Jumapili, na mwezi uliopita aliniuliza kama yeye anaweza kuchezea Magharibi hata kama babu yuko Tanga. Nikamwambia ndiyo, tena bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hukuona uso wake, Kepteni. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na moja, na fomu za kujaza hazijawahi kunijibu hivyo.

Sasa wanazirudisha mechi za majimbo. Tarehe 14 Februari 2026, Australia Magharibi na Victoria, Uwanja wa Optus hapa Perth. Jimbo kwa jimbo, hakuna nyota mchanganyiko. Wasiwasi wangu ni kwamba ni kabla ya msimu, watu miguu bado mizito, na makocha watakuwa wanachungulia saa. Mchezaji mkubwa akikwepa kwa kisingizio cha msuli nitaumia kweli. Lakini nimenunua tiketi mbili, yangu na ya kijana.

Mzee hawezi kwenda. Daktari amekataa, na yeye mwenyewe anasema ngazi zitamuua. Juzi alinyoosha mkono kwenye droo akanipa ile skafu, nimvalishe kijana siku hiyo, kisha nimrudishie. Akasisitiza: irudi. Nikamwambia nimelelewa kwenye jezi za kurudisha, asiwe na shaka.

Wewe nitafutie kitu kimoja. Ile picha tuliyopiga Kibaha mbele ya basi, wewe umeshika mpira, naamini mama yako bado anayo kwenye albamu. Ipige kwa simu unitumie. Nataka kijana aione kabla ya Februari.

Ni mimi,
namba tatu wako