Hela ya kwanza ya telegrafu ilikuwa ya serikali

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wa wiki iliyopita aliyesema eti telegrafu, ile mitambo ya kutuma ujumbe mbali kwa ishara, ni kazi ya watu binafsi tupu na serikali ingeigusa ingeiua. Hapo kachanganya mambo.

Samuel Morse, yule Mmarekani wa telegrafu ya umeme, alipata wapi hela ya laini yake ya kwanza ya waya? Bunge la Marekani, dola 30,000, mwaka 1843, na ilipita kwa kura 89 kwa 83, yaani roho mkononi. Kwenye mjadala mbunge mmoja wa Tennessee, Cave Johnson, akaifanyia mzaha, akasema basi nusu ya hela wapewe wale jamaa wanaolaza watu usingizi kwa kuwakodolea macho, watu wakacheka. Morse na wenzake wakaanza kufukia waya chini, ukawaharibikia, hela nyingi ikaishia kwenye mitaro, ikabidi wasimamishe nguzo, na Mei 24, 1844 ujumbe ukapita kutoka Washington hadi Baltimore.

Sasa sikia. 1845 Johnson huyo huyo ndo anakuwa mkuu wa posta, telegrafu iko mikononi mwake, na kwenye ripoti yake anasema chombo chenye nguvu namna hii, kwa mema na kwa mabaya, si salama kuwaachia watu binafsi bila kudhibitiwa! Morse alishakubali kuiuzia serikali haki zake kwa dola 100,000. Bunge likaangalia mapato ya ile laini, hayalipi hata gharama, likaachana nayo. Makampuni yakaingia, yakavuta waya kila kona, mpaka 1866 kampuni moja, Western Union, ikawameza wapinzani wake wawili wakubwa, ushindani kwisha.

Uingereza nao waliacha makampuni yatangulie, halafu 1870 posta ikayanunua, na bili ikaja kupita pauni milioni 10. Ghali mno, ila maneno 20 yakawa shilingi moja popote nchini.

Nakubali serikali nazo zina yao. Ufaransa ilikuwa na telegrafu ya minara na mikono ya mbao tangu 1794, 1837 ikatunga sheria ya kumfunga mtu binafsi atakayetuma ishara zake, raia wa kawaida kaja kuruhusiwa 1851. Hilo kosa silitetei.

Lakini huyo ndugu yetu akiandika tena, aanze na zile dola 30,000, atutajie mfanyabiashara aliyekuwa tayari kuzitoa zote mwaka ule.

Msomaji wenu wa kila siku