Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nabaki na jambo lililozua malalamiko mengi kuliko yote mwaka huu: mbegu za njegere zilizofaulu kipimo cha uotaji maabara, kisha shambani miche ikaota kwa mapengo. Kamati imepitia mafungu hayo, na sehemu kubwa ya tatizo ni kalenda.

Njegere hustawi kwenye nyuzi joto 13 hadi 18. Joto likipita 27 wakati wa maua, maua na maganda machanga hupukutika, na hilo kila mtu huliona. Hasara isiyoonekana huja punje zinapojaa na kukomaa kwenye joto kali. Loweka punje usiku kucha, ivue ngozi, tenganisha nusu zake mbili: upande wa ndani utakuta kishimo kilichodidimia, wakati mwingine na nyufa. Punje ya namna hiyo huota vizuri maabara, ila kwenye udongo baridi uliolowa huvujisha sukari, na kuvu huifuata. Njegere za mikunjo hupatwa zaidi kuliko za mviringo laini.

Kwa hiyo tarehe ya kupanda ihesabiwe kinyumenyume. Tafuta kwanza kipindi kikavu kisicho na joto kali cha kukaushia, kisha rudi nyuma siku 90 hadi 110 kulingana na aina. Anayechelewa, punje zake hujaa wakati wa joto kali. Anayewahi mno hukutwa na mvua maganda yakikauka: punje za kijani hupauka kwa kulowa na kukauka huku jua likiwaka, na askokita, ugonjwa wa kuvu wa njegere, hupenya ganda hadi kwenye mbegu.

Maganda ya chini hutangulia kukomaa. Kata mmea yakiwa ya kahawia, punje zikicheza ndani, na ya juu yamegeuka manjano. Kukata yangali mabichi na kuyaanika juani ghafla huleta kishimo kilekile. Kusubiri ganda la mwisho ni kumwaga mbegu bora chini. Pura unyevu ukiwa kati ya asilimia 14 na 18, mashine ikizunguka polepole. Chini ya 12 ngozi hupasuka nyufa ambazo jicho halizioni. Ukaushaji wa mwisho uwe kwa hewa isiyozidi nyuzi 38.

Kuanzia msimu ujao kila fungu litapimwa pia uvujaji: punje 50 zilizopimwa uzito, mililita 250 za maji yaliyoondolewa madini, nyuzi 20, saa 24, halafu kipimo cha upitishaji umeme wa maji hayo, maana kadiri mbegu inavyovuja ndivyo maji yanavyopitisha umeme zaidi. Chini ya mikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 25 kwa sentimita kwa gramu, mbegu inafaa hata udongo baridi. 25 hadi 29 kuna hatari kiasi. 30 hadi 43 isubiri udongo upate joto. Zaidi ya 43 isipandwe. Wanachama wa njegere za mikunjo wamesema kipimo kinawaonea. Hakiwaonei; mbegu zao huvuja zaidi kweli.

Fomu ziko kwa katibu. Jazeni tarehe ya kupanda, ua la kwanza, kukata na kupura, pamoja na unyevu siku ya kupura. Fungu lisilo na fomu halitapokelewa.