Mlango wa afisa utumishi ufunguliwe kwa saa za anayehudumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo ambalo hapa Dodoma husemwa zaidi kwenye daladala na kwenye foleni kuliko vikaoni, nalo ni iwapo maafisa utumishi wawe na saa maalumu za kukaa ofisini au waachwe wapange muda wao wenyewe ilimradi kazi zimefanyika. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka mingi, kwanza katika halmashauri mojawapo ya mkoa huu, kisha katika kiwanda cha mtu binafsi, mpaka nilipostaafu. Tangu hapo nimekuwa upande wa pili wa ile meza, maana mstaafu naye hufuatilia barua na mihuri kama mtu mwingine yeyote.

Kilichonisukuma kuandika ni mazungumzo na kijana mmoja katika daladala la kutoka Mtumba. Alinipa shikamoo, akanipisha nikae, na alipojua kwamba nilikuwa mtu wa kada yake akafungua moyo. Alisema hakuna maana ya kumkalisha afisa utumishi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri wakati mtumishi wa umma siku hizi anaomba likizo, uhamisho na hata mkopo kupitia mfumo akiwa na simu yake mkononi, na kwamba kazi inayohitaji utulivu, kama kupitia taarifa za mishahara au kuandika hati ya mashtaka ya nidhamu, yeye huifanya vizuri zaidi usiku nyumbani kuliko mchana akiwa na watu kumi mlangoni.

Hoja yake si ya kubezwa. Kazi ya utumishi haiendi kwa mwendo mmoja mwezi mzima. Wakati wa kufunga orodha ya mishahara watu hutoka ofisini giza limeingia, na siku nyingine, nakiri bila haya, nilikuwa nikipanga upya majalada yaliyokwisha kupangwa ili tu saa ifike. Na kweli huwezi kuandika barua inayoweza kumwachisha mtu kazi huku kila baada ya dakika tano mlango unagongwa. Anayedhani kwamba kumfungia mtu ofisini ndiko kumfanyisha kazi hajawahi kusimamia watu.

Hata hivyo sikubaliani naye, kwa sababu tunapozungumzia saa za afisa utumishi tunasahau kuuliza zinamfaa nani. Nitaeleza kwa kosa langu mwenyewe.

Kiwandani tulikuwa na zamu tatu, na ya usiku ilianza saa 4 usiku ikaisha saa 12 asubuhi. Ofisi yetu ilifunguliwa saa 2:30. Asubuhi moja ya Julai, ule msimu ambao upepo wa Dodoma hupita katikati ya sweta kama vile hukuvaa kitu, kijana wa zamu ya usiku alikuja na fomu ya kumwingiza mtoto wake mchanga kwenye bima ya afya, fomu ambayo haikupokelewa bila sahihi na muhuri wa mwajiri. Mtoto alikuwa anaumwa. Mimi niliingia saa 2:30 kama kawaida, lakini kwa mlango wa mbele, nikaenda moja kwa moja kwenye kikao cha menejimenti, na muhuri ulikuwa umefungiwa kwenye droo yangu. Karani aliyekuwapo alimwambia, kwa lugha tunayoijua sote, kwamba mama yuko kikaoni, subiri.

Nilitoka saa 4:40. Nikamkuta amelala kwenye benchi la nje, kichwa ameegemeza ukutani, mikono ameikunja kifuani. Nilidhani ni kwa ajili ya baridi, kumbe bahasha ya kaki yenye fomu ameiweka ndani ya shati ili isikunjamane. Alikuwa amesimama kwenye mashine saa nane, kisha akangoja karibu saa tano nyingine. Kusoma fomu, kutia sahihi na kupiga muhuri hakukunichukua hata dakika tatu. Akasema, “Asante mama, Mungu akubariki,” akaondoka kwa haraka kuelekea barabarani. Lau angefoka ningejitetea kwa kikao. Ile asante sikuwa na jibu lake.

Baada ya siku ile niliomba ruhusa ya kubadili ratiba. Jumanne tulifungua saa 11:30 alfajiri ili tuwapate wanaotoka na wanaoingia, na Alhamisi mmoja wetu alibaki hadi saa 4:30 usiku kwa sababu hiyohiyo, na siku hizo aliyefungua mapema au kuchelewa alifidiwa muda wake. Wiki za mwanzo hakuja mtu, na mkubwa wangu akaanza kuuliza umeme unawaka kwa faida ya nani. Wafanyakazi walikuwa bado hawaamini kwamba tangazo lile lina maana. Walipoamini walikuja, tena na mambo ambayo hayajawahi kuletwa saa za mchana: posho ya usiku isiyoonekana kwenye hati ya mshahara, msimamizi anayetukana, mjamzito anayeogopa kusema kwamba zamu ya usiku imemshinda. Mambo ya namna hiyo hayana kitufe katika mfumo wowote, maana mwenye nayo mara nyingi hajui hata kama yana jina, na huyasema tu akiona mtu amekaa na hana haraka.

Nisifiche kwamba ratiba ile ilikuwa na gharama. Karani wangu alikuwa na mtoto mdogo, na usiku hakukuwa na usafiri wa kuaminika wa kumfikisha kwake, kwa hiyo Alhamisi niliibeba mimi ambaye wanangu walikwisha kuwa watu wazima, mpaka kiwanda kilipokubali gari la zamu limpitishe. Mwajiri anayetaka ofisi ifunguliwe usiku bila kufikiria mfanyakazi wake atafikaje nyumbani anahamisha mateso kutoka benchi la nje kwenda kwenye kiti cha ndani.

Ninaposema saa maalumu, basi, sisemi kila ofisi ya utumishi nchini ifuate saa za serikalini. Nasema saa zijulikane, ziandikwe, zitimizwe, na zipangwe kwa kuangalia anayehudumiwa anapatikana lini. Hospitali yenye wauguzi wa usiku haifanani na wizara, na wizara haifanani na halmashauri ya wilaya. Katika halmashauri niliyofanyia kazi, mtumishi wa kijiji cha mbali alipanda basi la alfajiri, akafika kwetu kama saa 4, na basi la kurudi liliondoka saa 8 mchana. Tangu afike alikuwa na saa nne tu, na katikati ya hizo ndipo sote tulipokwenda kula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na ni haki yake, lakini haisemi ofisi nzima iende kula kwa wakati mmoja. Aliyekosa basi alilala kwa ndugu kama anaye, au alilipia nyumba ya wageni, ili kesho yake aje kuulizia kama barua yake ya kuthibitishwa kazini imetoka. Kwa mtu kama huyu “muda huru” wa afisa utumishi maana yake ni nauli mbili.

Kuna upande mwingine ambao yule kijana wa daladala hakuutaja, nao ni wa nidhamu, ambako haki ya mtu huhesabiwa kwa saa hasa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu apewe muda wa kutosha wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Nimeona barua ikikabidhiwa Ijumaa saa 10 jioni kwa kikao cha Jumatatu saa 2:30 asubuhi. Kwa hesabu saa 48 zimetimia na kuzidi, ila zote zimepita ofisi ikiwa imefungwa: hakuna wa kumwonyesha jalada lake, hakuna wa kumwambia kwamba anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Na anayeachishwa kazi katika sekta binafsi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kila siku anayoambiwa kwamba mwenye faili hayupo, arudi kesho, inakatwa katika hizo 30.

Sasa nimgeukie kijana kwa upande wake, maana nahofia hajaona shimo lililo mbele yake. Sheria hiyo ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki nne, na ulipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Lakini vifungu hivyo vya saa havimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Mkuu wa idara ya utumishi, kwa hiyo, mara nyingi hana kinga hiyo, ila maafisa na makarani walio chini yake wanayo. Mtu mwenye saa za kuanza na kumaliza anaweza kusema saa yangu imefika. Aliyeomba apange muda wake mwenyewe atapigiwa simu saa 4 usiku aandae orodha ya watumishi wanaokaribia kustaafu kwa ajili ya kikao cha asubuhi, na hatakuwa na pa kusimamia, kwa kuwa ni yeye aliyesema muda wake hauna mipaka. Hilo nimeliona likiwamaliza watu hodari.

Mambo yanayostahili kumwamsha afisa utumishi usiku kwa maoni yangu ni mawili tu, msiba na ajali kazini, na kwa hayo iwepo simu moja ya ofisi inayozunguka kwa zamu, ili namba binafsi ya mtu isiwe ndiyo dawati la huduma. Likizo, hata iwe ya haraka namna gani, inaweza kungoja kuche.

Nakubali pia kwamba afisa utumishi apewe muda wake wa kufunga mlango, hata siku moja nzima kwa wiki, aandike na kukagua bila kusumbuliwa, na akiona anafanya vizuri nyumbani akafanyie huko. Sharti ni kwamba siku hiyo iwe imeandikwa mlangoni ili mtu wa mbali asiipandie basi, na wakati wote huo awepo kaimu mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Kaimu asiyeweza kutia sahihi ni mtu wa kupokea lawama tu.

Nina ombi dogo kwa wakuu wa idara za utumishi watakaosoma barua hii, ambalo halihitaji waraka wala bajeti. Karatasi ya mlangoni ionyeshe saa za huduma, jina la anayekaimu leo na namba ya simu ya zamu. Kikao cha menejimenti kisichukue watu wote wawili wanaoweza kuhudumia. Na muhuri usifungiwe kwenye droo ambayo ufunguo wake ameondoka nao mtu mmoja.

Afisa utumishi mstaafu,
Kisasa, Dodoma.