Mtaro utamwaga wapi bahari ikijaa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mipango ya miji ya pwani ya kukabiliana na mafuriko. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima miinuko ya barabara na mitaro, na mipango ya namna hii nimeisoma mingi. Huwa na ramani za rangi, picha za kuta za bahari na mikoko, na kurasa nyingi kuhusu mvua. Ninachokikosa karibu kila mara ni kimo cha bahari kwenye mdomo wa mtaro wakati mvua hiyo inanyesha.

Maji ya mtaro huenda kwa mteremko tu, na katika tambarare za pwani mteremko ni mdogo mno. Chukua mtaro unaoshuka mita 1 kwa kila kilomita. Bahari ikipanda sentimita 30, maji yake yataingia mita 300 zaidi ndani ya mtaro huo, na mtaa wote ulio kwenye kipande hicho hauna tena pa kumwaga. Hapo hakuna ukuta uliobomoka wala wimbi lililovuka barabara. Anayeamka usiku akakuta ndoo na viatu vinaelea ni mtu anayeishi ndani kabisa, ambaye kwake bahari haionekani, na kwenye ramani ya mpango nyumba yake haikutiwa hata rangi ya tahadhari.

Anayetaka kuliona jambo hili aende kwenye mdomo wa mtaro mkubwa wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio kwanza umeandama, maji yakiwa bado yanajaa. Nimesimama sehemu hizo mara nyingi na vyombo vyangu vya kupimia. Mkondo hupungua kasi, kisha husimama, na povu na chupa za plastiki zilizokuwa zikielekea baharini huzunguka palepale. Baadaye takataka zilezile huanza kurudi mjini, na kwenye saruji ya ukuta wa mtaro unaona alama ya unyevu ikipanda taratibu ingawa mbinguni hakuna hata wingu. Hapo hujaongeza mvua. Mvua kubwa ikishuka saa hiyo, itaukuta mtaro umeshajaa maji ya bahari.

Wakazi wa kandokando ya mitaro hawahitaji kuelezwa haya. Wanajua kwamba mvua ikinyesha maji yamepwa hupita, na mvua kama hiyo ikinyesha maji yamejaa huingia ndani. Bahari hujaa na kupwa kila baada ya muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, na kila inavyozidi kupanda, muda wa mtaro kumwaga unazidi kufupika. Wahandisi wanaokokotoa mtaro kana kwamba bahari imetulia mahali pamoja wangepata mengi kwa watu hao kama wangewauliza.

Na bahari inapanda. Kwa mujibu wa ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, bahari duniani ilipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Ikilinganishwa na kipindi cha 1995 hadi 2014, makadirio ya kufikia 2100 yanaanzia sentimita 28, iwapo hewa chafu itapunguzwa haraka sana, hadi mita 1 hivi iwapo itaachwa iongezeke. Kalavati la zege linalojengwa leo linatarajiwa kutumika miongo mingi ya karne hiyo. Kulijenga kwa kimo cha bahari cha leo ni kuwaachia wajukuu kazi ya kulivunja.

Tena hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Jiji linaweza kuzama lenyewe. Jakarta imedidimia vibaya, hasa upande wake wa kaskazini, na sababu kubwa ni visima vinavyonyonya maji ya chini ya ardhi. Tokyo ilipatwa na hayo mapema. Sehemu za mashariki mwa jiji hilo zilishuka zaidi ya mita 4 katika karne ya 20. Wajapani waliweka sheria za kubana uchimbaji wa maji, na kudidimia kukapungua mno. Jiji lisilopima ardhi yake mara kwa mara halijui kama bahari ndiyo inayopanda au lenyewe ndilo linaloshuka.

Ukuta wa bahari siupingi. Ila ukuta huzuia maji pande zote mbili: unaozuia bahari isiingie unazuia pia mvua isitoke. Kwa hiyo kila ukuta unahitaji lango, pampu, na mahali pa maji kusubiri. Singapore walilielewa hili. Katika Marina Barrage, kizuizi cha maji kwenye mlango wa bahari kilichokamilika 2008, mvua kubwa ikinyesha maji yamepwa, malango 9 ya chuma hushushwa maji yakatoka yenyewe. Bahari ikiwa juu, malango hubaki yamefungwa na pampu 7 kubwa husukuma maji nje. Beira, Msumbiji, waliufukua Mto Chiveve unaopita katikati ya mji, wakauwekea lango la kudhibiti maji ya bahari, na kingo zake wakaziacha wazi. Mahali pa maji kusubiri ndipo miji mingi inapojiumiza. Mabonde na vinamasi vinafukiwa kwa kifusi, vinakatwa viwanja, na ofisi ileile inayoandika mpango wa mafuriko ndiyo inayogonga muhuri wa kibali cha kujenga. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu bonde likishafukiwa na watu wakahamia, kulirudisha ni kuwavunjia nyumba watu waliolipia kihalali.

London nako kuna la kujifunza. Lango la Mto Thames lilizinduliwa 1984, matokeo ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu zaidi ya 300 Uingereza. Mpango wao wa 2012, unaotazama hadi 2100, haukufunga kila ujenzi kwenye tarehe. Wanafuatilia bahari, hali ya kuta na mengineyo, na vipimo vikionyesha mambo yanakwenda haraka kuliko ilivyodhaniwa, maamuzi yanafanywa mapema zaidi. Mpango wa aina hiyo hauwezekani bila mtu anayepima na kitabu cha vipimo kisichopotea.

Sasa nieleze jambo la ufundi ambalo haliandikwi sana magazetini. Majedwali ya mabaharia ya kujaa na kupwa huanza sifuri yake karibu na kimo cha chini kabisa ambacho maji hupwa. Ramani za ardhi kwa kawaida huanza sifuri yake kwenye usawa wa wastani wa bahari. Penye bamvua kubwa, tofauti ya sifuri hizo mbili inaweza kuzidi mita 1. Mchoraji akichukua namba ya bahari kwenye jedwali na namba ya ardhi kwenye ramani, akazilinganisha bila kuzirekebisha, mtaro wake umeharibika kabla jembe la kwanza halijagusa udongo. Hesabu ya kurekebisha ni ya dakika chache, lakini lazima awepo wa kuuliza.

Ombi langu kwa halmashauri za miji ya pwani ni kwamba kila mchoro wa mtaro unaoishia baharini uonyeshe kimo cha sakafu ya mdomo wake, kimo cha bamvua cha sasa, na kile kinachotarajiwa mwishoni mwa maisha ya mtaro, vyote kutoka sifuri moja. Kwenye kila mdomo pachorwe mistari ya sentimita ukutani, isomwe kila bamvua, na vipimo vibandikwe mahali wananchi wanapoweza kuviona. Na watabiri wa hali ya hewa wanapotangaza mvua kubwa kwa mji wa pwani, tangazo hilohilo litaje saa ya maji kujaa, ili mwenye nyumba bondeni ajue ni saa ngapi apandishe godoro na watoto.

Mpima ardhi mstaafu