Salamu za rambirambi zimfikie mfiwa

Ndugu Mhariri,

Kila yanapotokea maafa, magazeti huchapa salamu za rambirambi za viongozi. Nyingi huanza na "nimepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa" na huelekezwa kwa mkuu wa mkoa, ambaye huombwa azifikishe kwa wafiwa. Wasaidizi wanaoziandaa wangefaidika kwa kusoma barua mbili za Rais Abraham Lincoln wa Marekani, za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ya kwanza ni ya tarehe 23 Desemba 1862. Siku kumi kabla yake jeshi lake lilikuwa limeshindwa vibaya Fredericksburg, na maseneta walikuwa wametoka kumshinikiza abadili baraza la mawaziri. Katika hali hiyo alimwandikia Fanny McCullough, binti wa Luteni Kanali William McCullough aliyeuawa Mississippi tarehe 5 mwezi huohuo. Lincoln alimfahamu marehemu tangu akiwa karani wa mahakama Bloomington, Illinois, na rafiki yao, Jaji David Davis, ndiye aliyemwomba aandike, maana binti alikuwa amezidiwa na majonzi.

Sentensi ya kwanza inamtaja baba, mtu mwema na jasiri, na papo hapo inaingia kwenye hali ya binti mwenyewe. Kisha Lincoln anakiri kwamba nafuu kamili huletwa na muda tu. Anamwambia kuwa kwa sasa hawezi kuamini kwamba atapata nafuu, lakini ataipata, na furaha itarudi. Anaongeza kuwa yeye ameyapitia ya kutosha kujua anachosema, basi. Mwanawe Willie alikuwa amefariki Februari mwaka huo, lakini hakumtaja. Wengi huharibu hapo: kiongozi akianza kusimulia msiba wake, mfiwa ndiye anayelazimika kumpa pole. Barua inaisha kwa salamu kwa mama wa binti. Serikali, ushindi na sera havimo kabisa.

Ya pili, ya tarehe 21 Novemba 1864 kwa Lydia Bixby, mjane wa Boston, ndiyo maarufu zaidi, lakini kwangu si kielelezo kizuri. Inampa pole kwa kupoteza wana watano vitani. Uchunguzi wa kumbukumbu baadaye ulionyesha kwamba waliouawa vitani ni wawili, Charles na Oliver. Henry alitekwa, akabadilishwa na mateka wengine, akarudi hai. Kosa lilianzia kwenye taarifa ya William Schouler, mnadhimu wa jeshi la jimbo la Massachusetts. Ilipitia kwa gavana na Wizara ya Vita hadi kwa Rais bila kukamatwa. Tena barua ilichapishwa magazetini siku ileile ilipomfikia mama huyo.

Kwa hiyo, kabla ya saini, jina la marehemu na uhusiano wake na anayeandikiwa vithibitishwe na watu wawili tofauti: mtendaji wa kijiji au mtaa, na msemaji wa familia. Idadi ya vifo ikitajwa, iandikwe pamoja na tarehe na saa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, taarifa za mwanzo zilitaja vifo kwa makumi. Siku chache baadaye vilipita 220. Chanzo cha ajali kiachwe hadi uchunguzi ukamilike, maana kumlaumu dereva au nahodha aliyefariki ni kuiumiza familia nyingine iliyofiwa. Ahadi ya jeneza, usafiri au matibabu iingie pale tu ambapo ofisa wa kuitekeleza ameshateuliwa, na jina lake na namba yake ya simu viwemo.

Salamu za jumla ziendelee kupitia kwa mkuu wa mkoa. Barua ya familia iwe tofauti, isizidi nusu ukurasa, isainiwe kwa kalamu na ipelekwe kwa mkono nyumbani kwa wafiwa. Ikiwa itachapishwa, familia iulizwe kwanza.

Msomaji wenu,
Dodoma