Barua ya wazi kwa mlioanza shajara mkaiacha

Wajukuu zangu,

Juzi niliwasikia mkichekana kuhusu madaftari yenu. Kurasa sita zimejaa mwandiko wa kupendeza, ya saba ina mistari miwili, kisha weupe mpaka jalada la nyuma. Mmoja akasema, "Mimi si mtu wa shajara." Wengine mkaitikia, mkapita na mazungumzo mengine. Mimi neno hilo nililala nalo.

Sandukuni mwangu yamo madaftari kumi na tisa, na manane ya mwanzo ni kama hayo yenu: nguvu ya soda. La kwanza kabisa lilikuwa na jalada la ngozi na utepe mwekundu, nami nililiogopa. Kila sentensi niliiandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni nisije nikaliharibu. Halikumaliza wiki tatu. Lililonishika ni daftari la shule ambalo mtoto alishalichana kurasa za mbele na kuchora magari kwenye jalada. Hilo halikunitaka niwe mwandishi.

Lakini kilichoyaua mengi ni viporo. Jumatatu unakosa kwa homa, Jumanne kwa wageni. Jumatano unafungua daftari, unajiambia, ngoja kwanza nizijaze zile mbili. Unajikuna kichwa kuikumbuka Jumatatu, unachoka, unafunga. Alhamisi viporo vimekuwa vitatu. Mwisho wa juma daftari limegeuka mdai wako, na nani humpitia mdai kumjulia hali? Basi nisikilizeni: siku iliyopita bila kuandikwa imesamehewa. Andika tarehe ya leo, uendelee. Usiache kurasa nyeupe eti utazijaza baadaye, hazijazwi. Wala usiliombe daftari radhi. Nimeshamaliza wino mwingi kwa "nisamehe, nimekuwa mbali", na daftari halijawahi kunijibu.

Msidhani nawabembeleza tu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo moja dogo la kufanya kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lake lijiendee bila kusukumwa. Tofauti ilikuwa kubwa: makadirio yalianzia siku 18, yakafika 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo zile siku 21 mnazohesabiwa kila mahali ziwekeni kando. Husemwa chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Pua na daftari wapi na wapi?

Watu wale 96 kila mmoja alilifunga jambo lake kwenye kitu ambacho tayari hukifanya kila siku. Mimi nimelifunga langu kwenye miwani. Usiku miwani hulala juu ya daftari, kalamu ikiwa ndani, basi siwezi kuivua bila kuligusa. Kalamu ikihitaji kutafutwa, usiku huo hakuna kuandika, najijua. Na nimejiwekea sentensi moja tu. Siku nyingine inazaa kurasa tatu, siku nyingine inabaki peke yake, na zote ni sawa.

Mtaniuliza, sentensi ya nini na siku yenyewe haikuwa na kitu? Tarehe 14 Julai 1789, siku watu wa Paris walipoliteka gereza la Bastille, mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliandika katika shajara yake neno moja: hakuna. Watu humcheka mpaka leo, ingawa alikuwa akiandika habari za mawindo, na siku hiyo hakuwinda. Mimi simcheki, namsikitikia kwa kuwa daftari lake lilikuwa na dirisha moja tu. Mwangalieni Samuel Pepys wa London, aliyeandika tangu tarehe 1 Januari 1660 hadi 31 Mei 1669, akaacha kwa kuogopa kupofuka (wala hakupofuka). Moto mkubwa wa 1666 ulipokuwa ukila mji, aliandika kwamba amechimba shimo, akafukia divai yake na jibini lake. Habari za moto zimeandikwa na wengi. Jibini ndilo linalonifanya nimwone yule bwana ameshika koleo, jasho likimtoka, akipiga hesabu ya kitu gani kiokolewe.

Nami nina jibini langu. Siku aliyozikwa mama niliandika kurasa nne za uchungu, na nikizisoma leo zingeweza kuwa za mtu yeyote aliyefiwa. Wiki mbili kabla, usiku ambao sikuwa na la kusema, niliandika: "Mama ameshindwa kufunga kifungo cha juu. Nimemfungia. Amesema vidole vyangu vya baridi." Ukurasa huo umelegea kwa kufunguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa na biashara kichwani, lakini mimi nimeyaona maneno hayo kwenye kifungo.

Kuna wanaotaka daftari kwa ajili ya jambo zito lililowakaa kifuani. Kwao nina neno la tahadhari. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, huko Marekani, walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia, mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida; ni katika miezi iliyofuata ndipo walipokwenda kwa daktari mara chache kuliko hao. Kwa hiyo ukilia juu ya ukurasa usidhani umekosea. Ila ukiona kila usiku unachimba shimo lile lile na linazidi kina, funga daftari, umtafute mtu wa kuzungumza naye. Karatasi inasikiliza, lakini haiwezi kukushika mkono.

Kuhusu simu au karatasi, sina ugomvi. Mradi ukiifungua kuandika usijikute saa moja baadaye unatazama harusi ya mtu usiyemjua.

La siri ni kubwa zaidi ya hilo. Mtu anayeandika akihisi jicho begani huanza kujipamba, na shajara ya kujipamba inachosha kuliko kufua. Pepys aliandika kwa hati ya mkato ili kila apitaye asisome. Mimi nilificha, nilifungia, kuna kurasa nilichana, na ninazozijutia ni mbili tu. Kwa wale mnaoishi na wenye daftari: mkilikuta wazi, lifungeni. Nilishasomewa langu na mtu wa karibu, akalinukuu mbele za watu, na kwa mwaka mzima baadaye niliandika hali ya hewa.

Sasa nimewaandikia ninyi nyote na usiku umeenda. Kabla ya kuvua miwani nimeangalia: mara ya mwisho niliandika Jumanne, na leo ni Jumapili. Goti lilikuwa likiniuma. Nimeandika hivi: "Jumapili. Nimewaandikia wajukuu barua ndefu kuhusu kuandika. Kalamu ya bluu imekwisha katikati, nimemalizia na nyekundu, wataona kama nimewasahihisha."

Bibi yenu