Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Hadithi za Maajabu na Katuni Zimetoka Kabatini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha kusoma vitabu, nawaletea taarifa ya mwaka 2024 kabla hatujakutana kwenye Mkutano Mkuu. Mapato na matumizi yameelezwa na mweka hazina katika karatasi zilizobandikwa mlangoni pa chumba chetu cha kusomea hapa Ujiji, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza maswali juu yake. Mimi nitazungumzia zaidi jambo lililochukua muda mwingi wa Kamati Tendaji kuliko mengine yote: hadithi za maajabu na vitabu vya katuni, na watoto wanaovipenda kupita kiasi.

Wanachama wa siku nyingi mnaujua utaratibu wa zamani. Vitabu vya ziada na kiada viliazimwa nyumbani, lakini vile vya picha za rangi, vya safari za ajabu, mazimwi, majini na meli zinazoruka, vilikaa kabatini kwa kufuli kwa sababu ni vya bei kubwa. Mtoto alivisoma mezani, msimamizi akimtazama, na saa ikifika vinarudishwa. Mwezi Machi kamati iliamua kufuli liondoke. Sasa mtoto mwenye kadi anachukua hadithi moja na katuni moja, anakaa navyo nyumbani wiki nzima.

Aliyetufanya tulijadili jambo hili ni mwanachama mdogo, binti wa darasa la tano kutoka Kibirizi. Sitamtaja jina kwa kuwa ni mtoto, ingawa wengi wenu mnamfahamu kwa maswali yake. Anasoma katuni kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu mzima. Kwanza anaipitia yote mbio, akitazama picha tu. Halafu anarudi ukurasa wa kwanza, anaziba kiputo cha maneno kwa kidole, anamwangalia mhusika usoni, anakisia anasema nini, kisha anaondoa kidole kuhakikisha. Akipatia anacheka. Asipopatia anarudi picha mbili nyuma kutafuta alichokiruka. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha ufahamu ataelewa thamani ya zoezi hilo, na huyu hakufundishwa na mtu.

Kwenye kikao, mjumbe mmoja ambaye namheshimu sana alisema katuni inamdumaza mtoto kwa kuwa kila kitu kimeshachorwa. Nilimwomba tukae na kitabu kimoja tukifungue pamoja. Kisanduku cha kwanza: mvulana yuko ukingoni mwa genge, nyuma yake kuna kiumbe chenye pembe. Kisanduku kinachofuata: mvulana yuko ndani ya maji, kofia inaelea. Kuruka kwenyewe hakukuchorwa. Kama alisukumwa au aliamua mwenyewe, kama alipiga kelele au alinyamaza, hayo yote anayajaza msomaji, tena kwa sekunde moja, kisha anasonga mbele. Mjumbe yule alikichukua kitabu kwenda nacho nyumbani na kwenye kupiga kura alikuwa upande wa kufungua kabati.

Tusisahau pia kwamba katuni si ugeni kwetu. Wazazi wa rika langu tulikua na katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani likapita mikono mingi hadi likachanika, watu wakiwafuatilia wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Wapo kati yetu waliojifunza kusoma haraka kwa sababu walikuwa wa mwisho kwenye foleni ya nakala moja na mwenyewe anaitaka.

Mwaka huu ulikuwa na jambo lake la pekee. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wale mnaokaa Kibirizi na Katonga mnajua ilivyokuwa nyumbani, na sitaki kulipamba jambo hilo. Kipato kilikatika. Kwa sababu hiyo kamati ilisamehe faini zote za kuchelewesha vitabu kwa miezi hiyo, na ada ya watoto kutoka familia za wavuvi ikasogezwa mbele. Upande wa chumba chetu, watoto ambao asubuhi huwa wanasaidia kuanika dagaa walikuja kwa wingi na kukaa muda mrefu. Hata ziwa lilipofunguliwa tuligundua kitu ambacho tulipaswa kukitumia katika ratiba: siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, boti zinapotoka na taa, watoto wa ufukweni wana kazi asubuhi; mbalamwezi ikiwa kali na wavuvi wakipumzika, watoto wanakuwa huru. Kuanzia Oktoba, siku za kubadilisha vitabu kwa Kibirizi zinafuata mwezi wa angani, na vitabu vinarudi kwa wakati.

Vinarudi vingine vikinuka dagaa. Msimamizi ameagizwa kuvianika kivulini na kuviweka tena rafuni, bila kumsema mtoto. Kurasa zilizoachia zishonwe kwa uzi na kupakwa gundi nyeupe, si selotepu, maana selotepu inageuka rangi na kuondoka na karatasi.

Sasa niseme kuhusu Jumamosi zetu. Mwalimu wetu mstaafu alijitolea kuwasomea watoto kwa sauti Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1952. Kuna waliosema Kiswahili chake kitawashinda. Labda kingewashinda wakisoma peke yao, lakini kikisomwa na mtu anayejua wapi pa kupumua, walikaa kimya kama maji ya mtungini. Adili, liwali wa Janibu, ana manyani wawili. Kila usiku anawapiga mijeledi, kisha analia, anawabembeleza na kuwalisha. Binti wa Kibirizi alisimama katikati ya kusoma akauliza kwa nini mtu apige anachokililia. Mwalimu alikataa kumjibu, akamwambia asubiri. Wiki nzima watoto walibishana njiani. Ilipofichuka kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kwamba aliyeamuru wapigwe ni Huria, binti wa mfalme wa majini, chumba kililipuka kwa kelele. Kwa hiyo anayesema hadithi za maajabu ni mambo ya Ulaya na asome kitabu hicho. Baharini mnatupwa watu, mji mzima umegeuka mawe, majini wanalipa fadhila, na kimeandikwa na mzee wetu wa Tanga.

Hapa niguse malalamiko tuliyoyapokea. Wazazi wawili watatu, Waislamu na Wakristo, walikuja kutuambia wanaogopa vitabu vyenye wachawi na uaguzi. Tuliwapokea kwa heshima na tukazungumza nao muda mrefu, maana hofu hiyo inatoka kwenye malezi mema. Tumekubaliana hivi: mzazi asiyetaka mtoto wake aazime aina fulani ya kitabu ataandika kwenye kadi, na msimamizi atafuata. Lakini kamati haitaondoa vitabu hivyo rafuni kwa watoto wote. Bibi zetu walitusimulia mazimwi yanayomeza kijiji kizima, tukalala, tukaamka, tukaenda shule. Mtoto anajua mlango wa hadithi uko wapi. Ndiyo maana husema “paukwa” kabla ya kuingia.

Lingine ni la shule moja ya hapa mjini, ambako katuni yetu ilichukuliwa darasani na haijarudi. Katibu amekwenda mara kadhaa. Tunaendelea kuifuatilia kwa upole, na kwa sasa tunawaomba watoto wasisome katuni wakati wa kipindi.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilianza na kifurushi cha vitabu vya katuni vya Kijapani, tafsiri za Kiingereza, alivyotuletea mwanachama anayesafiri. Vitabu vya namna hiyo huchapwa kama kwao Japani, yaani unaanza upande ambao sisi tunaita mwisho, na visanduku unavisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Vijana wa sekondari waliovichukua kwanza walivirudisha wakisema hadithi haieleweki, shujaa anakufa ukurasa wa kwanza. Waliotatua fumbo ni watoto wa madrasa wa hapa hapa Ujiji. Mkono wao umezoea msahafu, kwa hiyo walikifungua kitabu upande wa pili bila kufikiri, wakaenda kulia-kushoto, wakaanza kuwaeleza kaka zao nini kinaendelea kwa kufuata picha, huku kaka zao wakiwasaidia Kiingereza. Mezani pale darasa la tatu na kidato cha pili walikuwa wanafundishana. Nawaomba mlifikirie hilo mnapopima faida ya katuni. Mtoto wa shule zetu za msingi anasomeshwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kitabu ambacho picha inambeba pale neno linapomwangusha kinamsaidia kuvuka hapo bila aibu.

Likizo ya Juni tuliendesha mafunzo ya kutunga. Mwezeshaji aliwaanzishia na habari ya Robert Louis Stevenson, ambaye mwaka 1881 huko Scotland alichora ramani ya kisiwa kwa ajili ya kumfurahisha mtoto wa mkewe, na kutoka kwenye ramani hiyo akaandika hadithi ya hazina na maharamia ambayo Waswahili walianza kuisoma mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Watoto wakachora ramani zao. Hakuna aliyehangaika na bahari ya mbali. Walichora ghuba ya Kigoma, rasi ya Bangwe, reli inapoishia, na milima ya Kongo ng'ambo kwa penseli hafifu.

Kisha wakauliza kuhusu Liemba. Mwezeshaji aliwaeleza historia yake: meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafiri hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma, ikaunganishwa na kuteremshwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, wakiwa wameipaka mitambo mafuta mazito isiote kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sisi wakubwa habari hiyo tumeizoea. Watoto walisimama kwenye miaka minane ya chini ya maji. Nani aliishi humo? Nani alikuwa nahodha?

Jibu lao ni kitabu cha katuni kilichochorwa kwa kalamu ya wino na penseli za rangi, ambacho kitakuwa mezani siku ya mkutano. Nahodha ni samaki aina ya kuhe, mzee mwenye jicho moja. Migebuka ni mabaharia, na wanapiga saluti kwa pezi. Dagaa ni abiria wa daraja la tatu, wamebanana, na ndio wanaogundua kwamba mafuta yaliyopakwa kwenye mitambo ni ya uchawi: anayeyalamba anaelewa lugha za binadamu. Binti wa Kibirizi aliandika sura ya mwisho, ambapo minyororo ya Waingereza inashuka na samaki wanapaswa kuamua, wahame au wapande na meli hadi juu. Alibishana na wenzake siku mbili kuhusu uamuzi huo. Mshindi simtaji, someni wenyewe.

Kuhusu upatikanaji wa vitabu nitakuwa mfupi. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na nauli ya mzigo inaonekana kwenye hesabu za mweka hazina. Tumeanza kupunguza kwa kuchapa hadithi za Kiswahili za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ambao hadithi zake zina leseni huria, unaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa. Tunachapa steshenari, tunabana pini mgongoni, na mtoto anakwenda na kijitabu hicho moja kwa moja. Ni nzuri kwa wadogo. Kwa wakubwa wenye njaa ya hadithi ndefu hazitoshi.

Ndiyo sababu kamati inaleta mapendekezo matatu ya kupigiwa kura. La kwanza, fedha za vitabu za mwaka ujao zielekezwe kwanza kwenye mifululizo kamili. Mwaka huu tumewatesa watoto kwa kuwa na kitabu cha kwanza na cha nne tu. Binti mmoja amesoma kitabu cha kwanza mara nyingi kiasi kwamba anakighani, na bado hajui nini kilimpata mhusika aliyebaki pangoni. La pili, kitabu cha Liemba kichapwe nakala za kutosha kwa kila mtoto aliyekichora na nakala ya Maktaba ya Mkoa, na majina yao yaandikwe kwenye jalada kwa idhini ya wazazi. La tatu, watoto wawili wachaguliwe na wenzao kuketi na kamati tunapochagua vitabu vya kununua, wawe na kura, si kusikiliza tu.

Katika mkutano huo pia tutachagua katibu mpya, kwani katibu wetu anahamia Kasulu kikazi. Tunamshukuru kwa kazi yake, hasa daftari la maazimo ambalo limetunzwa bila mstari kuruka. Fomu za kugombea ziko kwa msimamizi. Na yeyote mwenye Sani za zamani nyumbani, hata zisizo na jalada, azilete siku hiyo; tutazikagua kwanza zipi zinawafaa watoto, na wamekwishaniuliza mara nyingi huyo Lodi Lofa ni nani.